Vumbi la Asbesto Melini

Swali: Mhariri, shikamoo. Baba yangu, mwenye miaka 84, alikuwa fundi wa chumba cha mashine katika meli ya kivita miaka ya 1960. Hajawahi kuvuta sigara, lakini sasa akipanda ngazi mbili tu anahema. Je, yawezekana ni asbesto, yale madini ya nyuzinyuzi? – Msomaji, Jinja

Jibu: Marahaba. Yawezekana kabisa. Boila na mabomba ya mvuke ya meli za enzi hizo yalifunikwa kwa asbesto ili kuzuia joto, na fundi alipobandua kifuniko chakavu ndani ya chumba chenye hewa finyu, nyuzinyuzi zake zilielea, akazivuta, zikabaki mapafuni. Makovu ya mapafu yaitwayo asbestosi, na mesotelioma, yaani saratani ya utando wa mapafu, huweza kujitokeza baada ya miaka 20 hadi 50, au hata zaidi. Mama yako, ikiwa ndiye aliyekung'uta vumbi hilo na kufua ovaroli za mzee, naye achunguzwe.

Tafadhali mpeleke mzee apigwe picha ya kifua na kupimwa pumzi, nawe umtajie daktari kazi ile ya melini, kwa kuwa kikohozi na kukonda kwa magonjwa haya hufanana na dalili za kifua kikuu. Makovu hayaondoki, ila maambukizi ya kifua yakitibiwa mapema atapata nafuu.