Mifupa ile ni ya kijiji

Mwanangu Neema,

Barua yako nimeipata. Hapa Old Moshi hatujambo. Umeniuliza: kama Chuo Kikuu cha Hokkaido kiliwajengea wafu wa Kiainu, wenyeji wa asili wa kaskazini mwa Japani, nyumba ya mifupa yao hapo chuoni, na serikali ikajenga nyingine nzuri zaidi katika mji wa Shiraoi, wazee wa Kiainu walikwenda mahakamani kudai nini tena?

Makaburi yao, mama. Nyumba hiyo ya chuo ilijengwa 1984, miaka hamsini hivi baada ya maprofesa kufukua makaburi vijijini. Na si wao walioanza. Mwaka 1865 Waingereza wa ubalozi mdogo wa Hakodate walifukua maiti za Waainu katika vijiji vya Mori na Otoshibe, gavana wa Kijapani akakomaa nao mpaka wakashtakiwa. Halafu 1888 akaja profesa wa Tokyo kufanya yaleyale, na safari hii hakuna aliyemshika shati.

Kinachokutatiza ni habari ya mrithi. Chuo kilisema kitamkabidhi mifupa yule atakayethibitisha kwamba ndiye mrithi wa kusimamia ibada za marehemu. Hebu fikiria! Waliofukua, majina mengi hawakuyaandika, leo mjukuu ndiye aambiwe alete jina. Wazee walipofungua kesi Sapporo 2012 walieleza kwamba kwao maiti huzikwa na kijiji, na kijiji ndicho kinachomtambikia. Machi 2016 pande mbili zikapatana. Julai, mifupa ya watu 12 ikarudi kijijini Kineusu, Urakawa, ikapokewa na kikundi cha wenyeji badala ya mrithi mmoja mmoja. Makaburi yakachimbwa upya, zikasimikwa nguzo za mbao kama desturi yao inavyotaka. Watu huita ile suluhu. Mimi naiita ushindi, maana chuo kilikubali kukabidhi wafu kwa kijiji.

Shiraoi sasa. Tangu 2019 imekusanywa pale mifupa ya watu zaidi ya 1,200 kutoka vyuo mbalimbali. Matambiko yanafanyika, sikatai. Lakini kumlaza mtu wa Urakawa Shiraoi ni sawa na kumzika Mmachame kwenye kihamba, shamba la ukoo, cha Rombo, eti wote si Wachagga!

Usidhani naongea ya mbali. Mangi Meli, chifu wetu wa Kichagga, alinyongwa hapa na Wajerumani Machi 2, 1900, na kichwa chake kinatafutwa hadi leo, Ujerumani huko. Chama cha wanaanthropolojia cha Berlin kilirudisha fuvu moja la Kiainu 2017, lililoibwa kaburini Sapporo 1879 na msafiri wa Kijerumani. Wizi ulijulikana kwa kuwa mwizi mwenyewe aliusimulia akauchapisha. Wezi wetu hawakuwa na ustaarabu huo.

Wenzako wakienda Shiraoi, fuatana nao. Ila usiishie kwenye ngoma na mavazi ya makumbusho. Panda hadi kwenye jengo la mifupa, kisha uwaulize wahusika ni wangapi walioingia pale ambao wamekwisha kurudishwa kijijini kwao. Jibu utakalopewa niandikie.

Mama yako