Kabla hujadai anastahili daraja A

Breloom, kiumbe wa mchezo wa Pokémon, ndiye aliyenifunza adabu. Ni uyoga wenye ngumi za bondia, aina ya Nyasi na Mapigano, na nilimpenda tangu siku ya kwanza alipomlaza adui kwa Spore, mbinu yake ya usingizi, kisha akammaliza taratibu. Michezo ya Pokémon Scarlet na Violet ilipotoka mwishoni mwa 2022 tulikuwa wanne chumba kimoja cha hosteli, wote tunacheza Pokémon Showdown, uwanja wa mtandaoni wa kupambanisha viumbe hao, kwenye simu, maana ni bure, inafunguka kwenye brauza na hailambi bando. Ukutani tulibandika karatasi ya kupanga viumbe kwa ubora: S juu kabisa, chini yake A, B na C, pamoja na alama zake za kujumlisha na kutoa. Ukitaka kumhamisha kiumbe kwenye karatasi ile, uwashawishi wengine watatu. Basi usiku hatulali.

Nikasimama na hoja yangu. Kingambit alikuwa akitutesa sote. Ni aina ya Giza na Chuma, na kila mwenzake anapoanguka yeye anaongezeka ukali: asilimia 10 kwa kila aliyeanguka, hadi 50. Anayemjua kumtumia humweka wa mwisho, halafu anakufagia. Sasa, Mach Punch, ngumi ya Mapigano ya Breloom, inamuumiza mara nne ya kawaida. Akijibu kwa Sucker Punch, mbinu hizo mbili zina kipaumbele sawa, kwa hiyo anayetangulia ni mwenye kasi, na kasi ya msingi ya Breloom ni 70, ya Kingambit ni 50. Nilikuwa nimehifadhi marudio ya pambano lenyewe. Nikawaonyesha mara mbili, mara ya pili nikisimamisha pale penye raha. Nikadai A.

Mwenzetu mmoja, mtu wa maneno machache, akauliza tu: "Kaka, Gholdengo akiingia unafanyaje?"

Nikaanza kuhesabu kwa vidole. Spore haimpati, kwa sababu uwezo wake, Good as Gold, unazikataa mbinu za adui zisizo za kushambulia. Mach Punch inapita hewani, maana yeye ni Mzimu. Bullet Seed na Rock Tomb zinakutana na Chuma, aina yake ya pili, nguvu inabaki nusu. Mbinu nne, na zote nne zimegonga mwamba. Tena Gholdengo hakuwa mgeni wa kuja mara moja kwa mwezi. Timu ngumu tulizokutana nazo zilikuwa naye, moja baada ya nyingine. Na yule Kingambit wangu wa kwenye marudio, angegeuka Mzimu kwa Tera, uwezo wa kubadili aina katikati ya pambano, Mach Punch ingekuwa salamu tu. Breloom akashushwa hadi B-, nami nimetulia kama maji mtungini.

Tangu hapo, nikitaka kumpigania kiumbe, naanza na wale walioko juu kabisa ya listi, napita mmoja mmoja: huyu akiingia, wangu anafanya nini? Sisemi "anaweza kumshinda", kwa sababu kwenye mchezo huu karibu kila mtu anaweza kumshinda mtu siku moja. Naangalia nani anaingia bila kuumia. Ukiwa na kiumbe ambaye kila akisimama uwanjani mkali mmoja wa daraja la juu anaingia bure, umemlipia adui nauli.

Halafu kuna nafasi sita za timu. Hapa ndipo mabishano mengi yanapoharibika, kwa sababu mtu anamsifia kiumbe wake kana kwamba anacheza peke yake. Chukua Donphan. Anaweka Stealth Rock, mtego wa mawe unaowaumiza maadui wanaoingia, anasafisha mitego ya adui kwa Rapid Spin, ana ngozi ngumu. Sifa zote za kweli. Lakini Great Tusk, yule babu yake wa kale, anazifanya kazi hizo hizo, na kasi yake ya msingi ni 87 wakati ya Donphan ni 50. Kwa hiyo anayemtetea Donphan haniambii Donphan anafanya nini. Aniambie anafanya nini ambacho Great Tusk hawezi. Akitaja Ice Shard (pigo la barafu la kutangulia) na Sturdy (kutoanguka kwa pigo moja akiwa na uhai kamili), hapo tumeanza kuongea. Kama hivyo viwili havitoshi kununua nafasi, basi hoja imeisha hata kama Donphan hana kosa lolote.

Ditto ni kinyume chake. Mnyonge kabisa kwa namba, lakini akiingia anajigeuza kuwa aliye mbele yake, na nguvu alizojiongezea adui anazibeba pia. Mvalishe Choice Scarf, skafu ya kuongeza kasi, adui aliyetumia zamu mbili kujijenga anajikuta anakimbizwa na kivuli chake. Kazi hiyo hana mwingine wa kuifanya. Ndiyo maana simcheki anayemweka Ditto juu ya kiumbe mwenye namba nzuri kuliko yeye.

Kuhusu takwimu za matumizi, nitasema kidogo. Kiumbe anaingia OU, kundi kuu la mapambano, akifikisha asilimia 4.52 ya matumizi. Maana yake ukicheza mapambano 15 una nusu kwa nusu ya kukutana naye angalau mara moja. Hesabu hiyo inakuambia watu wanabeba nani. Haikuambii nani mzuri. Watu hubeba kiumbe kwa sababu ni mpya, au ana sura nzuri, au bingwa fulani alishinda naye juzi. Ukinitupia asilimia kwenye mjadala wa ubora nitaipokea kama shahidi, na shahidi huulizwa maswali.

Kosa langu lingine lilikuwa baya zaidi kwa sababu nililisema kwa sauti. Nilimpinga Volcarona kwa hoja ya mawe: ni Mdudu na Moto, Stealth Rock inamkata nusu ya uhai kila akiingia, sasa atacheza mara ngapi? Hoja hiyo ilikuwa ya kweli nilipoanza kucheza. Lakini Heavy-Duty Boots zilikuja na Sword na Shield mwaka 2019, na aliyevaa viatu hivyo anakanyaga mawe kama hayapo. Hoja yangu ilikuwa imechacha miaka mitatu. Ningefikiri kidogo ningesema jambo la maana: akivaa viatu hana nafasi ya Leftovers za kumrudishia uhai kidogo kidogo, na pigo moja la Knock Off likimvua, yale mawe yanarudi kumdai. Hiyo ndiyo hoja ya kubeba mjadalani, kwa sababu inaonyesha bei anayolipa. Na ukitaja madhara, fungua kikokotoo kwanza. "Nadhani anakufa kwa pigo moja" iliwahi kutupotezea saa nzima, kumbe anabaki na chembe ya uhai na anajibu.

Breloom sikuwahi kumrudisha A. Baadaye mbinu za kulaza usingizi zilipigwa marufuku OU, na Spore ikaenda nazo. Siku hiyo niliinuka mwenyewe kwenda kulikata jina lake kwenye karatasi. Nililikata kwa penseli.