Faili za treili zimejaza diski: nifute zipi?

SWALI: Assalaam aleikum. Tunanakili hifadhidata ya Oracle kutoka ofisi ya Malindi kwenda Mombasa kwa GoldenGate, programu ya kuhamisha mabadiliko ya data. Laini ilikatika Ijumaa jioni. Jumatatu asubuhi diski imejaa pomoni, Extract (mchakato unaosoma mabadiliko na kuyaandika kwenye faili za treili) imesimama. Nikafuta kwa rm faili kongwe za dirdat, folda ya treili. Laini iliporudi, pampu, yaani mchakato unaosafirisha treili hadi Mombasa, ikagoma kuwaka. Nimeharibu nini? Fundi wa seva, Malindi.

JIBU: Waaleikum salaam, ndugu yetu. Umefuta faili ambazo pampu ilikuwa haijazisoma. Ukongwe wa faili si hoja. Hoja ni chekipointi, yaani pale msomaji wa faili alipofikia. Pampu yako ikiitwa PMALINDI, andika amri ya GoldenGate, INFO EXTRACT PMALINDI. Utaona kitu kama dirdat/lt000000212 na, chini yake, namba ya RBA, yaani mahali ilipofikia ndani ya faili hiyo. Zilizo chini ya 212 pampu imeshamalizana nazo. 212 yenyewe na zinazofuata hazigusiki.

Kama kuna chelezo, zirudishe kwa majina yaleyale na mmiliki yuleyule, kisha START. Kama hakuna, kimbilio ni logi za redo (kumbukumbu za mabadiliko za Oracle) zilizowekwa akiba. Simamisha Extract, irudishe kwa ALTER EXTRACT na BEGIN ya saa iliyotangulia muamala mkongwe zaidi uliokuwa wazi wakati faili ya kwanza iliyopotea inaandikwa. Ongeza ETROLLOVER ili ianze faili mpya, kisha ielekeze pampu kwenye faili hiyo kwa EXTSEQNO na EXTRBA 0. Baadhi ya rekodi huenda zikafika Mombasa mara ya pili, ndipo HANDLECOLLISIONS, kigezo cha kumeza migongano ya rekodi zilizorudiwa, inasaidia kwenye Replicat, mchakato unaoandika data huko Mombasa. Iondoe mara tu kipindi hicho kikipita, maana ikibaki inaficha makosa ya kweli. Logi nazo zikiwa zimefutwa, hakuna ujanja: pakia majedwali upya.

Tangu leo rm na dirdat zisikutane. Kazi hiyo mpe Manager, mchakato msimamizi wa GoldenGate, ndani ya faili yake ya vigezo, mgr.prm:

PURGEOLDEXTRACTS ./dirdat/*, USECHECKPOINTS, MINKEEPHOURS 24

Andika REFRESH MANAGER, kisha SEND MANAGER GETPURGEOLDEXTRACTS uone kama kanuni imeshika. Usiiweke kwenye faili ya Extract wala Replicat. Huko kila mmoja hujijali mwenyewe, anaweza kufuta faili ambayo mwenzake bado anaihitaji. Na kagua makundi (yaani michakato ya Extract au Replicat) ya majaribio yaliyosahaulika: chekipointi ya kundi lililolala huzuia ufutaji miezi na miezi. Lifute kwa DELETE.

Hata hivyo, laini ikikatika Manager hafuti kitu, na ndivyo inavyotakiwa. Kwa hiyo pima diski. Tukichukulia faili 6 za MB 500 kwa saa, hiyo ni GB 3. Kutoka Ijumaa saa 12 jioni hadi Jumatatu saa 2 asubuhi ni saa 62, yaani GB 186. Diski ya GB 100 haikuwa na lake.

SWALI: Amri ya GoldenGate ya INFO ALL inaonyesha RUNNING (inafanya kazi) na Lag (ucheleweshaji) ndogo, lakini data haifiki. Kulikoni? Msomaji, Langoni, Lamu.

JIBU: Angalia safu ya mwisho, Time Since Chkpt. Lag at Chkpt ni picha ya chekipointi ya mwisho. Mchakato ukikwama, picha haibadiliki. Safu ile ya mwisho ikizidi kupanda dakika kwa dakika, soma ggserr.log, logi ya makosa, na ripoti iliyo kwenye folda ya dirrpt kabla hujazima chochote.