Injini kuzima na mafuta bado yamo
Umeuliza kama injini ya ndege inaweza kuzima angani na mafuta bado yamo: inawezekana kabisa, mkuu, na hao waliocheka swali lako wakae kimya. Piper Cherokee, ndege ndogo ya injini moja, ina tangi kila bawa, ila inanyonya moja tu kwa wakati: swichi ina kushoto, kulia na kufunga, basi. Rubani akisahau kuhamisha, injini inakata na tangi la pili limejaa. Akihamisha na kuwasha pampu ya umeme hurudi, lakini kama yuko chini chini anatua Kilwa Masoko, muda huo anautoa wapi?

Nimejaza ndege mafuta hapa Mtwara. Kwa unyevu wetu wa pwani maji nayo huingia tangini na yanaweza kuzima injini, ndiyo maana kabla ya kuruka wanakinga mafuta kidogo kwenye kichupa: petroli ya bluu juu, maji chini. Cessna Caravan, ndege kubwa kidogo kuliko Cherokee, ni habari nyingine, ile inatumia mafuta ya jeti.