Fofofo: barua kwa mwanangu

Mwanangu Neema,

Ujumbe wako nimeupata. Unasema mpangaji mwenzako huko Njombe kakwambia vifaranga vyake "vimekufa fofofo", nawe ulidhani fofofo ni ya usingizi tu, ukacheka, naye akanuna. Unauliza nani kakosea. Kwa Kiswahili, hakuna. Kwa kucheka msiba wa vifaranga, hilo shauri lako.

Fofofo ni kielezi kiigizi, yaani neno linaloigiza jinsi jambo lilivyo, na viigizi havioi ovyo. Totoro kaoa giza, pepepe yuko na weupe, chakari ni wa walevi. Ukisema umelewa chapachapa, watu watadhani umemwagiwa pombe. Huyu fofofo yeye ana wake wawili, kulala na kufa, na wote anawahudumia sawasawa: mtu haitiki hata umwite, hashtuki hata umtikise.

Mjomba wako aliwahi kufika matangani Muheza alfajiri, hoi kwa safari, akajitupa kwenye jamvi sebuleni na kujifunika shuka jeupe gubigubi. Marehemu alikuwa chumba cha ndani. Wakaingia wanawake kutoka Korogwe, wakamzunguka mjomba, wakaangua kilio. Mmoja alikuwa ameshaanza kumwomba radhi kwa deni la vitenge pale "maiti" alipokoroma. Yule mama tulimkuta uwani, kanga huku, ndala kule. Fofofo mbili nyumba moja, ila moja ina mkoromo.

Sasa nikupe mfano usiochekesha. Watu wanaona baridi, wanaingiza jiko la mkaa chumbani, wanafunga dirisha ndi. Mkaa ule hutoa kaboni monoksidi, hewa ya sumu isiyo na harufu wala rangi, nayo ikiingia kwenye damu hukalia nafasi ya oksijeni. Mwingine huumwa kichwa kidogo, akadhani ni uchovu wa kazi. Wanalala fofofo. Asubuhi jirani anagonga, kimya, mlango unavunjwa. Neno ni lile lile, kilichobadilika ni kitenzi, na humo ndani hakuna aliyekisikia kikibadilika.

Mwezi huu wa saba nasikia baridi ya huko inaingia mpaka kwenye mifupa. Lile jiko ulilonunua sokoni, usiku unaliweka wapi? Nijibu kabla hujalala.

Mama yako