Kumuuzia Mteja Vipindi vya Mazoezi bila Kumtisha

SWALI: Ndugu mshauri, mimi ni mkufunzi katika ukumbi wa mazoezi, na sehemu kubwa ya kipato changu ni kamisheni ya vipindi vya mtu mmoja mmoja ninavyowauzia wanachama. Meneja ametupa utaratibu wa kufuata: mwanachama mpya hupewa kipindi kimoja cha bure, tunamfanyisha mazoezi magumu hadi ahemee juu juu, tunampima mafuta ya mwili kwa mashine ya kushika mkononi, kisha tunamweleza kwamba hali yake ni mbaya na kwamba bei ya punguzo inakwisha siku hiyohiyo. Anayeomba kwenda kushauriana na mwenzi wake tumeagizwa tumuulize kama afya yake inahitaji kibali cha mtu mwingine. Mauzo yapo, lakini nafsi inanisuta. Je, hii ni biashara ya kawaida?
– Mkufunzi mwenye mashaka

JIBU: Ndugu mkufunzi, kuuza si kosa, na kamisheni ni malipo halali kama mengine. Wapo wanachama wanaolipa ada mwezi baada ya mwezi huku wakizunguka kati ya mashine wasizojua kuzitumia, na ukiwanyamazia kwa kuona haya hujawatendea wema. Ubaya wa utaratibu mliopewa ni kwamba kila hatua yake imepangwa ili mteja aamue akiwa amechoka, ana hofu na anaharakishwa.

Tuanze na kipimo, kwa sababu ndicho kinachoupa mpango mzima sura ya kitaalamu. Mashine hiyo hupitisha mkondo hafifu wa umeme mwilini na kukadiria mafuta kutokana na ukinzani inaoukuta, na kwa kuwa umeme hupita kwa urahisi zaidi penye maji, matokeo huyumba kutegemea mtu amekunywa nini, amekula saa ngapi na kama ametoka kufanya mazoezi. Mtu akipimwa asubuhi na kurudiwa jioni anaweza kupata tarakimu mbili tofauti ilhali mafuta yake ni yaleyale. Kipimo hicho kinafaa kikirudiwa katika mazingira yaleyale kwa miezi kadhaa ili kuona mwelekeo, lakini ninyi mnampima mara moja, tena akiwa bado anatiririka jasho, kisha mnatoa hukumu ambayo chombo chenyewe hakiwezi kuitetea. Isitoshe, kutambua ugonjwa si kazi ya mkufunzi. Mwanachama akikutajia maumivu ya kifua au kizunguzungu anapojitahidi, mwelekeze kwa daktari kabla hujamtajia kifurushi chochote.

Kumchosha mgeni makusudi nako kuna hatari. Maumivu ya misuli yanayofikia kilele siku 1 hadi 3 baada ya zoezi geni humpata hata mwanariadha aliyebadilisha ratiba, kwa hiyo hayathibitishi udhaifu wa mteja wala ubora wa mkufunzi. Mara chache, asiyezoea akisukumwa kupita kiasi, misuli huharibika hadi figo kudhurika.

Punguzo lenye tarehe ya kweli, linalojulikana kwa wote, halina ubaya. Kama mteja akirudi kesho atapewa bei ileile, mlichomwambia jana ni uongo. Lile swali la kibali ndilo ningelikataa papo hapo, hata kwa gharama ya kugombana na meneja. Anayetaka kushauriana na mwenzi wake huenda anafikiria bajeti ya familia, na ninyi mnamjibu kwa kumwaibisha.

Kipindi cha bure kitumie kwa namna nyingine. Muulize anataka nini, ameshajaribu nini na kwa nini aliacha. Mwambie achuchumae mbele yako; ukiona magoti yanaingia ndani, mwelekeze ayasukume kufuata vidole vya miguu, arudie, kisha muulize amehisi tofauti gani. Akiihisi, ameshaonja unachouza. Halafu mweleze wazi anayoweza kuyafanya bila wewe: Shirika la Afya Duniani, katika mwongozo wake wa mwaka 2020, linawashauri watu wazima wafanye mazoezi ya wastani kwa dakika 150 hadi 300 kwa wiki, pamoja na ya kuimarisha misuli siku 2 au zaidi, na kutembea kwa haraka kunahesabiwa humo. Baada ya hapo ndipo useme wewe unaongeza nini: kumsahihisha, kumpandishia uzito kwa mpango, na kuwa mtu anayemsubiri saa fulani. Akihitaji vipindi vichache tu vya kujifunza mienendo ya msingi, muuzie hivyo vichache.

Jihadhari pia na ahadi. Kupungua nusu kilo hadi kilo 1 kwa wiki ni kasi ya busara. Uzito unaoporomoka wiki ya kwanza mara nyingi ni maji yanayotoka pamoja na wanga uliohifadhiwa mwilini. Wala usimuuzie mtu mazoezi ya tumbo kwa ahadi ya kuyeyusha mafuta ya tumbo peke yake, kwa maana mwili hauchagui hivyo.

Kwa meneja usiende na lawama tupu. Omba ruhusa ya kutumia utaratibu wako kwa wateja wako kwa muda mtakaokubaliana, kisha mlinganishe wangapi wanaongeza vipindi baada ya kifurushi cha kwanza na wangapi wanadai fedha zao, badala ya kuhesabu sahihi za siku ya kwanza peke yake.

SWALI: Nilinunua vipindi vingi kwa mkupuo, mkufunzi wangu akahama, nami sasa naambiwa vilivyobaki vitakwisha muda wake. Nifanyeje?
– Mteja aliyekwama

JIBU: Soma kwanza mkataba unasema nini kuhusu muda, marejesho ya fedha na kubadilishiwa mkufunzi, kisha andika barua au ujumbe unaobaki na kumbukumbu, ukieleza vipindi ulivyolipia na ulivyotumia, na uombe ama mkufunzi mwenye sifa zinazolingana, ama kuongezewa muda, ama kurejeshewa fedha. Wakikataa, uliza katika mamlaka ya kulinda walaji, kwa kuwa sheria hutofautiana baina ya nchi na nchi, na kifungu kilichomo kwenye mkataba si lazima kiwe halali kwa sababu tu ulikitia sahihi.