Mipira minane kwenye boksi la tishu, sekunde sitini

Kipindi cha Minute to Win It kilianza kuonyeshwa na NBC ya Marekani mwaka 2010, Guy Fieri akikiongoza, na mshindi wa michezo yote kumi alikuwa anaondoka na dola milioni moja. Mchezo wake mmoja ungali unachezwa majumbani: Junk in the Trunk. Unafungiwa boksi tupu la tishu juu ya makalio, ndani mna mipira 8 ya tenisi ya meza. Itoe yote kwa kujitikisa tu, mikono isiguse boksi.

Karibu kila mtu huinama na kukata mauno. Ni kosa, na sababu iko kwenye boksi lenyewe. Kitako chake kimelala mgongoni na tundu linatazama nyuma. Ukiinama, tundu linageukia dari, mipira inatulia kitakoni, na unaweza kukatika mpaka dakika iishe. Ukisimama wima, mipira inakaa chini ya tundu, nyuma ya ukingo wa sentimita tatu hivi. Kunja magoti, egemea nyuma kidogo: ukingo ule unakuwa mteremko.

Ukiwa hivyo, rukaruka kwa vidole vya miguu, miruko mifupi ya harakaharaka. Mpira mmoja una uzito wa gramu 2.7 tu, kwa hiyo unadunda upesi. Mipira ikishaanza kudunda, sukuma nyonga nyuma kwa nguvu kisha zikaze papo hapo. Mipira inatoka pale unaposimama ghafla, kama abiria wanavyorushwa mbele daladala inapofunga breki. Kutikisa kulia na kushoto kunaibingirisha tu ndani, haipandi.

Maandalizi yana uzito kuliko watu wanavyodhani. Toa ile nailoni ya kwenye tundu, kwa kuwa hurudisha mipira ndani. Mpira una kipenyo cha milimita 40, basi tundu liwe na upana wa sentimita 6 angalau. Toboa mipasuo miwili kwenye kitako cha boksi, iimarishe kwa gundi ya karatasi, ndipo upitishe mkanda. Bila hivyo karatasi hupasuka kwenye miruko ya mwanzo. Funga mkanda kwenye mifupa ya nyonga, chini ya kiuno, ukaze mpaka boksi lisicheze. Mkanda ukilegea, wewe unasimama, boksi linaendelea, na ule mshtuko wote unapotea. Boksi lilale kwa upana. Vua soksi kama sakafu ni ya vigae.

Kwa hesabu, kila mpira una sekunde 7.5, lakini haitoki kwa mwendo sawa. Ya mwanzo hutoka upesi kwa sababu inagongana na kusukumana. Miwili ya mwisho haina wa kuisukuma, nayo hujificha pembeni, na hapo ndipo wengi hushindwa kwa kuongeza kasi bila mpango. Tulia kidogo usikilize: mgongano wa mpira na karatasi utakuambia uko upande gani. Inua nyonga ya upande huo, uuache ubingirike kuelekea katikati, na kabla haujafika kona ya pili, ruka mara moja na ukaze nyonga.